Kodi ya Nyumba na Ada ya Shule: Namna ya Kuchagua Mtaa wa Kuishi Dar es Salaam Ukiwa na Watoto Wanaosoma

Mzazi anayetafuta nyumba ya kupanga Dar es Salaam kwa kawaida hufanya hesabu mbili kwa nyakati mbili tofauti. Kwanza humwuliza dalali kodi ya mwezi, umeme na maji, na kama mwenye nyumba anataka ya miezi sita au ya mwaka mzima. Akishalipa na kuhamia, ndipo huanza kuulizia shule zilizo karibu. Utaratibu huo ndio unaowafanya wengi walipie jambo moja mara mbili: wanalipa kodi kubwa ya mtaa wenye shule nzuri za serikali, kisha wanawapandisha watoto kwenye basi alfajiri kuwapeleka shule ya binafsi iliyo upande mwingine wa jiji. Wengine hufanya kinyume chake, wakakimbilia nyumba ya bei ndogo pembezoni, na baada ya mwaka mmoja wakagundua kwamba walichookoa kwenye kodi kimeishia kwenye ada na nauli.

Maelezo yanayofuata yanamhusu mzazi wa kipato cha kawaida mwenye watoto walio kati ya darasa la awali na kidato cha nne, ambaye anapanga au anafikiria kujenga. Anayelipiwa ada na mwajiri wake katika shule za kimataifa za Masaki na Oysterbay hana tatizo tunalolizungumzia hapa.

Kodi hulipwa kwa nyumba, ada hulipwa kwa kichwa

Kanuni hii moja ndiyo inayopaswa kutangulia nyingine zote, na inashangaza jinsi inavyosahaulika. Nyumba ya vyumba viwili na sebule ina kodi ileile, awe anaishi humo mtoto mmoja au watoto wanne. Ada ya shule ya binafsi, pamoja na nauli ya basi la shule, sare na michango yake, huongezeka kila mtoto mwingine anapofikia umri wa kuanza shule. Kwa hiyo familia yenye watoto watatu inaweza kunufaika sana kwa kuongeza kodi ili iishi karibu na shule nzuri ya serikali, kwa kuwa nyongeza hiyo inagawanyika kwa watoto wote watatu. Familia yenye mtoto mmoja mara nyingi hukuta kinyume chake: ni nafuu kwake kuishi mbali kidogo, kulipa kodi ndogo, na kumlipia mtoto huyo mmoja ada.

Jambo la pili linalofuatana na hilo ni umri. Mwenye watoto wa miaka sita, minne na miwili asipige hesabu ya mwaka huu peke yake, kwa sababu leo anamlipia mmoja, lakini baada ya miaka minne au mitano atakuwa anawalipia wote kwa wakati mmoja. Andika kwenye karatasi miaka saba ijayo, na mbele ya kila mwaka andika darasa atakalokuwa kila mtoto. Utaona mwenyewe mwaka ambao mzigo unakuwa mkubwa kuliko yote, na mtaa utakaouchagua ni lazima uweze kuubeba mwaka huo.

Aina ya shule kabla ya mtaa

Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 serikali ilitangaza kuiondoa pia kwa kidato cha tano na cha sita. Hiyo haina maana kwamba mzazi hatoi kitu. Sare, madaftari, chakula cha mchana, masomo ya ziada na michango inayokubaliwa na wazazi vinabaki mabegani mwake, na katika baadhi ya shule za jijini jumla yake kwa mwaka si ndogo. Hata hivyo, tofauti kati ya gharama hizo na ada ya shule ya binafsi ni kubwa kiasi kwamba uamuzi wa kwenda huku au kule ndio unaobadilisha hesabu nzima ya nyumba.

Kinachowasukuma wazazi wengi kwenye shule za binafsi ni lugha. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari zote hufundisha kwa Kiingereza, hivyo mzazi huona kwamba mtoto aliyesoma shule ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza ataingia kidato cha kwanza bila kuyumba. Hofu hiyo ina msingi. Lakini zipo shule za msingi za serikali zenye mchepuo huohuo wa Kiingereza, na wanaokaa karibu nazo wana bahati wasiyoijua: Olympio na Diamond za Upanga ndizo zinazofahamika zaidi, na wazazi huchangia kiasi kilicho chini sana ya ada ya shule nyingi za binafsi. Nafasi zake hugombaniwa, kwa hiyo usihamie Upanga kwa matumaini matupu. Nenda kwanza shuleni ukaulize kama nafasi ipo, ndipo umtafute dalali.

Kwa shule za kawaida za serikali, mtaa unakubana zaidi. Uandikishaji wa darasa la kwanza hufanyika miezi ya mwisho ya mwaka kabla ya masomo kuanza Januari, na shule huwatazama kwanza watoto wa maeneo yanayoizunguka. Jambo ambalo wapangaji wengi hawalifikirii ni kwamba athari ya mtaa haiishii darasa la saba. Wanafunzi waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika shule za kutwa hupangwa kwenye sekondari za eneo lao, isipokuwa wachache wanaopata nafasi za bweni na wale wa shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala na Msalato. Kwa maneno mengine, unapochagua shule ya msingi ya serikali, kwa sehemu kubwa umeshachagua na sekondari, ukitaka usitake. Ichunguze na hiyo sekondari kabla hujalipa kodi.

Aliyekwisha kuamua kwamba watoto watasoma shule ya binafsi ana uhuru mwingine, na asiuchezee. Kwake yeye ubora wa shule ya msingi ya serikali iliyo jirani si hoja tena, na hana sababu ya kuulipia ndani ya kodi. Aitafute shule kwanza, aizungushie duara la nusu saa ya safari ya asubuhi, na atafute nyumba ya bei nafuu iliyo salama ndani ya duara hilo.

Kupiga hesabu ya mwaka mzima

Tuchukue mfano. Tarakimu zilizomo ni za kubuni, zimewekwa ili kuonyesha njia ya kukokotoa tu, na msomaji aweke zake mahali pake. Familia ina watoto wawili wa shule ya msingi, na baba anafanya kazi Kariakoo siku ishirini na sita kwa mwezi.

Wakipanga Sinza kwa Sh 450,000 kwa mwezi, kodi ya mwaka ni Sh 5,400,000. Watoto wakisoma shule ya serikali inayofikika kwa miguu, tuseme kila mmoja anagharimu Sh 500,000 kwa mwaka kwa sare, chakula, masomo ya ziada na mengineyo, yaani Sh 1,000,000 kwa wote wawili. Nauli ya baba, kwenda na kurudi kwa Sh 1,200 kwa siku, ni Sh 374,400 kwa mwaka. Jumla ni Sh 6,774,400.

Wakipanga Goba kwa Sh 250,000, kodi ya mwaka ni Sh 3,000,000. Baba atapanda bodaboda hadi barabara kuu na kuunganisha daladala, tuseme kwa Sh 4,000 kwa siku, sawa na Sh 1,248,000 kwa mwaka. Watoto wakisoma shule ya serikali ya huko kwa gharama ileile ya Sh 1,000,000, jumla ni Sh 5,248,000. Wakipelekwa shule ya binafsi yenye ada ya Sh 1,600,000 na basi la Sh 500,000 kwa kila mtoto, jumla inapanda hadi Sh 8,448,000.

Sasa tazama tofauti. Kati ya Sinza na Goba, watoto wakiwa shule za serikali kotekote, kuna Sh 1,526,400 kwa mwaka, na si Sh 2,400,000 kama kodi peke yake inavyoonyesha. Hiyo ndiyo bei halisi ya kuishi karibu na shule ile ya Sinza, na ndiyo unayotakiwa kujiuliza kama inastahili kulipwa. Inawezekana haistahili: kama shule ya serikali ya Goba ni nzuri vilevile, umepata jibu bila kuhangaika. Lakini kama shule ya Goba hairidhishi kiasi kwamba utaishia kulipa ada, basi Sinza yenye kodi kubwa ndiyo yenye nafuu, kwa zaidi ya Sh 1,600,000 kila mwaka, na mtoto wa tatu akianza shule pengo linazidi kupanuka.

Katika hesabu yako usisahau vitu vidogo vinavyojirudia. Anayeishi Kigamboni na kuvuka na gari kila siku kwa Daraja la Nyerere, lililofunguliwa Aprili 2016, analipa tozo, na anayetumia kivuko analipa nauli ya kivuko juu ya nauli ya daladala. Maji ya kununua kwa gari mahali ambapo mtandao wa DAWASA haujafika ni gharama ya nyumba, ijapokuwa mwenye nyumba haitaji. Dalali naye huchukua kodi ya mwezi mmoja, na ukihama kila mwaka kwa sababu ya shule, unamlipa kila mwaka.

Kuyasoma matokeo bila kudanganyika

Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, huweka matokeo ya kila shule kwenye tovuti yake, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuyaona bila malipo. Tangu Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza orodha ya shule kumi bora, kwa hiyo bango lenye maneno ya kujisifu kwamba shule ni ya kwanza kitaifa lichukuliwe kama tangazo la biashara. Matokeo yenyewe bado yapo, na ni bora zaidi kuliko orodha.

Ili kuyapata ni lazima ujue shule iko halmashauri gani, na Dar es Salaam hapo huwachanganya wengi. Sinza iko Manispaa ya Ubungo, ilhali jirani yake Kijitonyama iko Kinondoni. Mbezi ya barabara ya Morogoro ni Ubungo, Mbezi Beach ni Kinondoni. Tabata, Segerea na Ukonga ziko Jiji la Dar es Salaam, ambalo hadi mwaka 2021 liliitwa Manispaa ya Ilala.

Kwa darasa la saba, mtihani una masomo sita yenye alama 50 kila moja, jumla 300. Alama kuanzia 121 ndizo zinazohesabika kuwa daraja C na kwenda juu, yaani ufaulu. Wastani wa shule unaozunguka kwenye 130 unaonyesha kwamba watoto wengi wanagusa mstari tu, na wastani wa 200 unaonyesha kazi nyingine kabisa. Kwa kidato cha nne, acha kutazama ni wangapi wamefaulu kwa jumla, kwa sababu daraja la nne linaingizwa humo. Jumlisha daraja la kwanza hadi la tatu, ugawanye kwa idadi ya watahiniwa wote. Shule inayojivunia ufaulu wa asilimia tisini inaweza kukuta imebaki na thelathini.

Usitazame mwaka mmoja. Tazama miaka mitatu au minne, kwa kuwa darasa moja zuri au mwalimu mmoja mahiri wa Hisabati akihamishwa hubadilisha sura ya mwaka mzima. Na tazama idadi ya watahiniwa: wastani wa watoto 18 wa shule ya binafsi na wastani wa watoto 240 wa shule ya serikali haulinganishwi kirahisi. Mimi binafsi huiheshimu zaidi shule yenye watoto wengi na wastani wa 170 kuliko ile yenye watoto kumi na tano waliochujwa na wastani wa 220.

Hilo la mchujo lina kipimo chake, nacho ni rahisi kiasi kwamba kila mzazi anayekusudia kulipa ada angepaswa kukifanya. Matokeo ya upimaji wa kidato cha pili yapo kwenye tovuti hiyohiyo. Hesabu wanafunzi wa shule husika waliofanya upimaji huo mwaka fulani, kisha hesabu waliofanya mtihani wa kidato cha nne miaka miwili baadaye. Kama walikuwa 96 na wamebaki 61, uliza thelathini na tano wamekwenda wapi. Wengine watakuwa wamehama na wazazi wao, ila shule inayopoteza theluthi ya kila kundi namna hiyo inalinda jina lake kwa kuwaondoa watoto dhaifu, na wako anaweza kuwa mmoja wao. Kwa shule ya msingi, linganisha darasa la nne na la saba la miaka mitatu baadaye.

Fika shuleni mwenyewe

Matokeo yanaeleza watoto waliokwisha kuondoka. Kwa watakaoingia, nenda siku ya kazi, asubuhi, ikiwezekana katikati ya wiki, na ujitambulishe kwa mwalimu mkuu. Kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni wanafunzi 45 kwa chumba kimoja cha darasa. Katika maeneo yanayokua kwa kasi kama Mbagala, Chanika na Chamazi, idadi hiyo hupitwa kwa mbali, na baadhi ya shule huwagawa watoto kwa zamu ya asubuhi na ya mchana. Zamu ya mchana ina gharama iliyojificha, kwani mtoto anakaa nyumbani peke yake nusu ya kwanza ya siku wakati wazazi wako kazini, na anarudi jua likizama.

Hesabu vyoo. Huenda likaonekana jambo dogo, lakini kiwango kipo, tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, na hali ya vyoo inaeleza uongozi wa shule kuliko hotuba yoyote. Ingia darasa la kwanza na la pili, maana shule nyingi huweka walimu wao bora darasa la saba na kuwaacha wadogo wabahatishe. Fungua daftari la mtoto mmoja au wawili, uone kama zoezi lilisahihishwa wiki hiyo. Uliza kamati ya shule ilikutana lini mara ya mwisho na chakula cha mchana kinasimamiwa na nani. Kisha simama nje ya geti wakati wa kutoka, uongee na wazazi na hata wanafunzi wakubwa, kwa kuwa hao hawana cha kuuza.

Kuna swali la ziada kwa wenye watoto walioko katikati ya shule ya msingi. Chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, na mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024. Kwa mpangilio huo darasa la sita la mtaala mpya na darasa la saba la zamani yanamaliza pamoja mwaka 2027, na makundi mawili yatabisha hodi sekondari mwaka 2028. Sekondari ya kata ambayo leo ina madarasa ya kutosha inaweza isiwe nayo mwaka huo. Mwulize mkuu wa shule amejipangaje, na ukitoka ofisini tazama kama kuna msingi wowote unaochimbwa.

Njia ya asubuhi

Umbali Dar es Salaam haupimwi kwa kilomita. Kutoka Tegeta hadi Mwenge saa tano asubuhi ni safari fupi, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi ni jambo lingine. Kabla ya kusaini mkataba, ifanye safari yenyewe siku ya Jumatatu kwa muda uleule na kwa chombo kilekile mtoto atakachotumia. Kama ni basi la shule, usiulize linafika shuleni saa ngapi. Uliza linamchukua mtoto wa kwanza saa ngapi, na wewe uko wa ngapi kwenye mzunguko. Mtoto wa darasa la pili anayechukuliwa saa kumi na moja alfajiri na kurudishwa saa kumi na moja jioni amenyang'anywa usingizi, na hakuna wastani wa NECTA unaoulipa usingizi huo. Kwa maoni yangu, kwa watoto walio chini ya darasa la tano, shule ya kiwango cha kati iliyo dakika kumi kwa miguu inaishinda shule bora iliyo saa moja na nusu kwa basi. Kwa sekondari kauli hiyo inalegea, maana kijana wa miaka kumi na tano anaweza kusafiri na faida ya walimu wazuri wa Fizikia na Kemia ni kubwa.

Atakayetumia daladala analipa nauli ya mwanafunzi ya Sh 200, na kwa sababu hiyohiyo makondakta humkwepa saa za msongamano. Mtaa ulio karibu na mwanzo wa njia, ambako gari linaanza likiwa tupu, unamfaa mwanafunzi kuliko mtaa wa katikati ya njia, hata ukiwa mbali zaidi. Wenye nyumba za Mbezi na Gongo la Mboto hawaitangazi faida hiyo, lakini ipo. Tazama pia mahali pa kuvuka barabara. Nyumba iliyo ng'ambo ya barabara ya Morogoro au ya Mandela kutoka shuleni, pasipo daraja la waenda kwa miguu, ihesabiwe kuwa iko mbali hata kama geti la shule linaonekana kutoka dirishani.

Nyumba yenyewe

Kodi ndogo ina sababu, na sababu hiyo itafutwe wakati wa masika. Nyumba za kandokando ya Bonde la Msimbazi, kuanzia Jangwani kupanda juu, ni nafuu na ziko karibu na shule kongwe za katikati ya jiji, ila mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaondoa watu wengi huko hadi baadhi yao wakahamishiwa Mabwepande. Barabara za vumbi za Goba na Madale nazo huwa na sura mbili, ya kiangazi na ya Aprili. Ukiona nyumba mwezi wa Agosti, waulize wapangaji waliopo watoto wao walikosa shule siku ngapi mvua ziliponyesha.

Anayejenga ana hesabu tofauti kabisa. Nyumba yake itadumu miaka mingi baada ya mtoto wa mwisho kumaliza kidato cha nne, kwa hiyo asinunue kiwanja kwa bei ya juu kwa ajili ya shule itakayomhudumia miaka saba. Anachopaswa kukitafuta ni eneo lililopimwa, lenye ramani ya mipango miji inayoonyesha viwanja vilivyotengwa kwa shule, kama ilivyo katika maeneo ya mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, yakiwemo Bunju, Mivumoni, Kibada na Toangoma. Mahali ambapo kila mtu alijikatia kipande chake, shule ikihitajika baadaye hakuna pa kuijenga, na watoto wa mtaa mzima hutembea hadi kata ya jirani. Watu wengine hujenga pembezoni kidogokidogo huku wakiendelea kupanga karibu na shule hadi mtoto wa mwisho amalize msingi. Si mpango mbaya, mradi kodi isile saruji.

Tarehe za kulipa na za kuhama

Ada za shule nyingi za binafsi hulipwa kwa awamu, na awamu nzito huangukia Januari na Julai, shule zinapofunguliwa. Kodi ya miezi sita iliyolipwa Januari nayo huisha Juni na kudaiwa tena Julai, hivyo malipo makubwa mawili yanagongana mara mbili kwa mwaka. Mwombe mwenye nyumba mkataba uanze Machi au Aprili, hata ikibidi malipo ya kwanza yawe ya miezi mitatu tu. Wengi hukubali, kwa kuwa wao wanachotaka ni uhakika wa fedha na si mwezi fulani. Mkataba uandikwe, ushuhudiwe katika ofisi ya serikali ya mtaa, na utaje muda wa notisi, ili usijikute unatafuta nyumba katikati ya muhula.

Kuhama kwenyewe kufanyike Desemba au Juni. Uhamisho wa mwanafunzi wa shule ya serikali unahitaji ridhaa ya shule anayotoka na anayokwenda pamoja na maofisa elimu, na unategemea kuwepo kwa nafasi. Kwa hiyo pata barua ya kupokelewa kabla ya kulipa kodi ya mtaa mpya. Mwenye mtoto wa darasa la nne, la saba, kidato cha pili au cha nne asihame baada ya mtoto kusajiliwa kwa mtihani, kwani mara nyingi atalazimika kurudi kuufanyia katika shule aliyosajiliwa. Kama mwenye nyumba anakutoa mwaka huohuo, tafuta nyumba yoyote iliyo kwenye njia ileile ya daladala, hata ya chumba na sebule, ukae humo hadi karatasi ya mwisho ya mtihani ikusanywe.